Mgeni wa Kiti cha Gemu

Sponji haikurudi. Fuadi alipotaka kukibonyeza kikalio cha kile kiti cha gemu kwa kidole gumba, kama anavyolipima kila godoro na kila kochi, alikuta kimeshabonyea, na shimo lenyewe lilikuwa na upana wa makalio ya mtu mzima. Naye alikuwa hajakikalia bado.

Pale Kismayo Fuadi ana jina kwa kupima bidhaa mtandaoni. Wabajuni walioko Mombasa na Ulaya hawawanunulii mama zao hata feni kabla hawajaona video yake, kwa sababu hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Na ana mtindo wake. Kabla ya kukalia kitu hukigeuza kikatazama kamera, akamkaribisha mtazamaji mara tatu, maana mgeni wa kwetu mwenye adabu hukataa mbili za mwanzo. Akimaliza huaga kwa "karibu tena". Asubuhi ile pia alikuwa amesema, peke yake chumbani: "Karibu, keti. Karibu, keti. Keti bwana, nyumba ni yako."

Akairudisha video kwenye simu. Baada ya karibu ya tatu, bomba la gesi linalobeba kiti lilishuka likitoa pumzi ndefu, egemeo likalala nyuma, na zile taa za pembeni, alizoziwasha kijani, zikageuka nyekundu. Waya wake ulikuwa sakafuni, haujachomekwa popote.

"Mzigo wa kilo mia na ishirini kinabeba," alijisemea, akajaribu kucheka. Chumba kilinuka mwani uliooza.

Mkewe, Hanan, aliingia akijishika kiuno. Mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi minane, na kiti hicho aliahidiwa apumzishie mgongo. Kabla Fuadi hajafungua kinywa, Hanan aliegemea mkono wa kiti, akaganda kama aliyeguswa na mtu.

"Fuadi," alinong'ona, "hapa kuna mchu. Ameniwekea mkono tumboni."

Tangu saa ile mtoto hakucheza. Hospitali walisema moyo unapiga, ila kwa mbali, wangoje. Fuadi aliogopa vibaya sana, akamwita Mwalimu Shee, mzee wa kisiwa cha Chovai anayewasomea wagonjwa Kurani. Mwalimu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Umemkaribisha wewe, naye amekubali," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu. Ana siku zake tatu. Muwekee kahawa na halua. Siku ya tatu baada ya alasiri nitamsomea, nawe umsindikize mpaka kizingitini."

"Na akikataa kutoka?"

"Atatoka. Ila ukifika mlangoni usinene neno. Hata moja."

Siku mbili kahawa ilikutwa imenywewa, na vikombe vina chumvi mdomoni. Hanan alikaa na mkono tumboni akisubiri teke ambalo halikuja, hataki chakula, hataki maneno, na kila akilala mchana alisikia magurudumu ya kiti yakisogea taratibu upande wa pili wa ukuta, yakifika usawa wa kichwa chake, yakisimama.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Mwalimu alifungua msahafu ukumbini akaanza kusoma, na Fuadi akasimama kando ya kiti akaona bomba likipanda polepole, sponji ikiinuka na kujaa kama mpya, taa nyekundu zikizimika moja moja, kisha nyayo mbichi za maji zikatokea sakafuni, kubwa, zinavuka ukumbi kwenda mlango wa nje bila haraka, naye akazifuata hatua kwa hatua kama anavyomsindikiza mgeni yeyote, akiuma meno ulimi usimponyoke. Kizingitini nyayo zikageuka. Vidole vikamwelekea yeye. Zilisimama hapo zikisubiri, na Fuadi akanyamaza.

"Fuadi!" Hanan alimwita aje chumba cha pili, analia na kucheka. "Mtoto anacheza! Ndoo uone!"

Furaha ikampanda Fuadi mpaka kooni, akasahau yuko wapi na amesimama na nani, na mdomo wake ukatoa kile ambacho umekitoa mlangoni tangu utotoni, kila mgeni anapoondoka.

"Karibu tena."

Msahafu ukafungwa. Mwalimu Shee aliuliza bila kumtazama. "Umemwambia mara ngapi?"

"Mara moja, Mwalimu. Moja tu."

"Basi nyamaza. Moja hukataliwa."

Wote wawili wakazikodolea macho nyayo zile. Zilianza kukauka pembeni. Fuadi akaanza kupumua.

Kule ndani simu ilikuwa bado kwenye stendi yake ya kurekodia, imetazama kiti. Ikawaka yenyewe, video ikaanzia karibu ya pili, na sauti ya Fuadi, changamfu, ya asubuhi ile, ikasikika hadi mlangoni.

"Karibu, keti."

Fuadi alikimbia kuizima. Hakuwahi.

"Keti bwana, nyumba ni yako."

Bomba la kiti likashuka, likitoa pumzi ndefu. Taa nyekundu zikawaka.

"Fuadi," Hanan alisema kutoka chumba cha pili, taratibu sana. "Mtoto ametulia tena."