Mshipi wa Mkonge

Maneno hayo niliyasikia asubuhi ya Jumatatu, nikiwa kwenye foleni ya maji na debe langu, na tangu hapo hayakunitoka kichwani. Ilisemwa kwamba Nicodemus Awiti, fundi wa mashine za mkonge, ametia sumu bwawani ili samaki waelee, awaokote bila taabu. Jana yake samaki zaidi ya thelathini walikuwa wamekutwa wamekufa kwenye kona ya bwawa.

Mwaka ulikuwa 1956. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Voi. Maji ya kupikia tuliyateka kwenye bomba lililotoka bwawa hilo hilo. Mama gani asingeogopa?

"Hao ni wala samaki," jirani yangu Nduku alisema. "Kwao wamezoea ziwa. Hapa hawana ziwa, basi watatumaliza kwa hiki kibwawa chetu. Na wewe Mama Tryphena, mtoto wako si ndiye aliyekuwa akishinda naye huko?"

Niliona aibu. Ili nisionekane kwamba namtetea Awiti, nikasema, "Mimi mwenyewe simwamini. Nimemwona akienda huko na chupa." Chupa nilikuwa nimeiona kweli. Kilichokuwa ndani sikukijua. Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa ikizungumza habari ya chupa.

Sasa nieleze jinsi mtoto wangu alivyomfahamu mtu huyo. Meneja wa zamani alileta samaki waitwao besi kutoka Naivasha, kwa garimoshi, ndani ya madebe ya maji. Besi ana mdomo mpana na ni mlafi kweli. Wafanyakazi waliruhusiwa kuvua kwa ndoana, lakini si kwa wavu. Sisi tuliotoka Wusi, huko milimani, hatukuwa na mazoea ya samaki, lakini Tryphena, binti yangu wa miaka kumi na miwili, alipenda kumtazama Awiti akivua baada ya kazi. Mwishowe Awiti akaanza kumfundisha.

Hakumpa ndoana siku ya kwanza. Alimwambia alete daftari. "Chora bwawa kwanza," alisema. "Maji yanaingilia wapi? Wapi kina kirefu? Visiki viko wapi, na majani? Besi hakai popote popote. Hujificha penye kisiki, anangoja chakula kipite. Halafu chora mahali wanapoketi wavuvi wengine, usije ukawaingilia."

Tryphena alinieleza hayo yote jioni huku akimenya ndizi, hata mimi nikajifunza bila kutaka. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, iwe nyepesi, kwa sababu besi hupenda chambo kinachoshuka polepole. Ndoana inolewe. Usisimame ukingoni kivuli chako kikaanguka majini. Ukikuta mtu, msalimu kwa sauti ya chini, uulize utaketi wapi. Samaki mdogo mrudishe.

Siku moja Tryphena alisahau. Aliona besi mkubwa akiruka upande wa Awiti, naye akarusha ndoana juu ya mshipi wa mwenzake. Mishipi ikajisokota. Awiti alikuwa tayari amemnasa samaki; mshipi wake mzuri alioutoa Kisumu ukakatika, na samaki akaenda na ndoana.

"Umeingia jikoni kwa mtu ukafunua sufuria," Awiti alimwambia. "Usirudi hapa mpaka uwe na mshipi wako mwenyewe. Wangu hutaugusa tena."

Alirudi nyumbani analia. Nami badala ya kumuuliza atafanya nini, nilisema, "Mwache huyo. Hatukuja hapa kula samaki." Wiki iliyofuata mikono yake ikaanza kumwasha, ikatoka vipele hadi viwikoni. Nikampaka mafuta. Hapo pia sikuuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu samaki walipokufa.

Jumanne nyapara wetu, Thadeus, alikwenda nyumbani kwa Awiti pamoja na Mulei, mlinzi wa bwawa. Walitoa kila kitu nje. Chupa ilipatikana, nayo ilikuwa na mafuta ya taa. Thadeus aliinusa, akasema mafuta ya taa pia ni sumu.

"Ni ya koroboi," Awiti alisema. "Unataka nikae gizani?"

"Utamweleza meneja. Kama huna maelezo, Jumamosi nyumba hii iwe tupu. Na kazi pia imekwisha."

Jumatano asubuhi mkewe Awiti, Muhonja, alikuja bombani. Foleni ikafungana. Nduku alilisukuma debe la Muhonja kwa mguu likabingirika hadi kwenye matope.

"Nipisheni nichote," Muhonja alisema. "Watoto wangu wanakunywa maji haya haya. Mwenye akili atie sumu kwenye maji ya watoto wake?"

Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na bomba.

"Akachote mtoni," nikasema.

Mto wa Voi wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Ilibidi mtu achimbe. Muhonja aliokota debe lake akaenda.

Alhamisi nilitafuta karatasi ya kuwashia moto. Nikachukua daftari kuukuu la Tryphena, na humo nikaiona ramani. Ilichorwa vizuri: visiki, majani, mahali pa kina, na kiti cha Awiti kwa alama ya duara. Kwenye kona ile ambako maji yalikuwa yamepungua kwa ukame hadi kubaki kama kidimbwi, palikuwa na msalaba. Pembeni ameandika: *mkonge wangu, siku nane*.

Nilimwita. Alipoona daftari mkononi mwangu alianza kujikuna mikono.

"Ni nini hiki?"

"Ni majani ya mkonge, Mama. Ishirini. Niliyaponda nikayaloweka yaoze, nipate nyuzi nisokote mshipi. Bibi kule Wusi hufanya hivyo akitaka kamba za mbuzi."

"Bibi yako huloweka ndani ya shimo. Ndani ya shimo kuna samaki?"

"Sikujua utomvu wake unaua. Nilipowaona wamekufa niliogopa. Halafu watu wakasema ni Bwana Awiti."

Niliketi. Nilimfikiria mume wangu, ambaye naye alikata mkonge kwenye shamba hilo hilo. Wakimfukuza Awiti kwa chupa ya mafuta ya taa, sisi watatufanya nini kwa majani ishirini? Nilichana ukurasa ule wa ramani, nikausogeza kwenye makaa.

"Usiseme kwa mtu," nikamwambia. "Jumamosi si mbali. Mambo haya yataisha."

"Yataisha kwa Bwana Awiti kuondoka."

"Yeye mwenyewe alikufukuza."

"Alinifukuza kwa kosa langu, Mama. Sasa mimi namfukuza kwa kosa langu tena." Akanyoosha mkono. "Nipe. Nitakwenda mwenyewe."

Ningeweza kumchapa. Mkono ulikuwa tayari. Lakini ulipoinuka niliona vile vipele vyake, nikampa karatasi.

Ijumaa alfajiri, wafanyakazi walipokuwa wakiitwa majina, Tryphena alisimama mbele ya Thadeus akasema kila kitu. Watu walicheka.

"Mtoto anamtetea mwalimu wake," Thadeus alisema. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mkonge uko hapa penye msalaba, chini ya jiwe. Nendeni mkaangalie."

Mulei aliichukua ramani akaenda. Hakukawia. Alirudi ameshika fungu la majani yaliyooza kwa ncha ya fimbo, mbali na pua yake, na kicheko kikakatika. Thadeus alitazama chini, akaanza kufuta kitu kwenye karatasi yake ya majina.

"Bwana Awiti, nisamehe," Tryphena alisema.

Awiti hakutabasamu. "Nimekusikia. Wewe umesema yako. Sasa nataka kumjua aliyesema sumu na chupa."

Nduku alitazama milima. Kila mtu alitazama kwingine. Mtoto wangu alikuwa bado amesimama pale mbele peke yake. Nikasogea kando yake.

"Chupa niliisema mimi," nikasema. "Niliiona. Sikujua ina nini."

"Mama Tryphena," Awiti alisema, na sauti yake haikuwa na urafiki wowote, "binti yako aliharibu kona moja ya bwawa kwa sababu hakujua. Wewe ulijua kwamba hujui, na bado ukasema. Wako ndio mzigo mkubwa. Mwenye kosa asiposema, na asiyejua asiponyamaza, mtu asiye na hatia hulala nje na watoto wake. Iambie kambi nzima na hili, kama ulivyoiambia lile."

Nililisema, nyumba kwa nyumba, na sikukaribishwa chai hata mahali pamoja. Awiti alibaki kazini na nyumbani kwake. Mume wangu hakufukuzwa, ila yeye na Tryphena walisafisha kona ile siku tatu, na Tryphena akakatazwa kuvua mpaka mvua zinyeshe. Mvua zilipojaza bwawa, Awiti alimwonyesha mahali pa kuketi, hatua ishirini kutoka kwake, akamwachia ndoana moja juu ya kisiki. Mimi hunisalimu tu. Muhonja hanisalimu, wala simlaumu.

Watoto mnaosoma haya, na mama zenu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiloweke mkonge, wala kitu chochote usichokijua, kwenye maji yenye samaki au ya kunywa.

Usivue mahali ambapo hujapachora au hujapachunguza.

Usirushe ndoana juu ya mshipi wa mwenzako.

Usiketi mahali pa mvuvi mwingine bila kumuuliza.

Usiache ndoana wala mshipi uliokatika ukingoni. Watu hupita pekupeku.

Usitumie mshipi mnene wala chubwi nzito kwa besi. Utarudi mikono mitupu.

Usimfiche mtu mzima kosa lako kwa kuogopa kiboko.

Usiseme umejua kama umeona tu.

Usimnyime mtu maji.

Na wewe mama, usimwambie mtoto wako anyamaze anapotaka kusema kweli.