Jina Nililompa Mbwa

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilitushusha getini kwangu Ipagala, Dodoma, saa kumi na mbili na nusu jioni, mimi na mbwa. Nilimlipa dereva, nikaushika mnyororo kwa mikono miwili, maana mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa kama ndama na mimi si mtu wa kifua. Jua lilikuwa linatua. Upepo wa Julai ulikuwa unarusha vumbi mtaa mzima na majirani walikuwa wanafunga madirisha.

Mke wangu, Emiliana, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilifurahi. Nilichokusudia kukifanya, nilitaka nikifanye akiwa hayupo.

Watu wote niliwaambia nanunua mbwa kwa sababu ya wezi. Kazi yangu ni kupima viwanja, nalala maporini siku tatu, siku nne, na kweli mtaani kwetu walikuwa wameshaibiwa wawili watatu. Lakini moyoni sikuwa nawaza wezi. Nilikuwa nawaza wanaume. Emiliana anacheka vizuri, na kila mwanamume aliyecheka naye nilimweka kichwani: muuza maji, fundi umeme, mwalimu wa kwaya. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikuwa nimekonda mpaka mkanda nimeuongeza tundu.

Na niliyemwonea wivu kuliko wote hakuwa hata hai.

Damas, mume wake wa kwanza. Alikuwa mnunuzi wa mpunga. Alizama Bahi, mwaka ule mvua zilipozidi na maji yakafunika majaruba yote. Walimpata siku ya tatu, kifudifudi kwenye matope. Nyumba tunayoishi aliianza yeye, akaifikisha kwenye linta, juu ya madirisha. Mimi nilipaua. Sasa ni nyumba ya nani? Mtaani walishaamua zamani: "Yotham kaolewa." Emiliana hakuwa akimtaja marehemu, lakini koti lake la mvua lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Kila nilipolishika, mke wangu aliniambia neno moja, taratibu.

"Liache."

Basi asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekwenda Chemba kwa mzee Nathanaeli, askari mstaafu aliyefanya kazi na mbwa miaka yote. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza swali moja tu.

"Unataka mbwa wa kulinda mali, au wa kukaa na mtu?"

"Vyote, mzee."

Akanionyesha watatu. Wa kwanza alikuwa mwembamba, masikio wima, wale wa polisi. "Huyu ana akili, lakini anataka kazi kila siku. Ukimwacha akae bure atakuchimbia msingi wa nyumba." Wa pili alikuwa rotwaila mweusi. "Huyu anapenda watoto. Mna watoto?" Nikasema bado. Wa tatu alikuwa amelala peke yake kivulini, rangi ya udongo, kichwa kipana. Hakubweka. Alinitazama tu.

"Na huyu?"

"Huyo asili yake ni Afrika Kusini. Mzito, mpole, hana kelele. Lakini anachagua mwenye nyumba mmoja. Wengine anawavumilia."

Nikasema huyo huyo.

Alipokuwa ananikabidhi mnyororo alinipa maelekezo. Kwake mbwa hawana majina, wana namba, na huyu alikuwa Saba. "Jina utampa mwenyewe, getini kwako, jua likizama, wakati mbwa anajiuliza atalala wapi. Mwite mara tatu kwa sauti, kisha umlishe kwa mkono wako. Akishaitika na akala, basi, ni wa pale. Hutamtoa tena."

Njia nzima nilikuwa nalitafuta jina. Simba. Jasiri. Tulipofika Veyula likanijia lenyewe. Nilitaka jina ambalo nitaweza kulifokea kila siku ndani ya nyumba ile. Damas, toka jikoni. Damas, lala nje. Damas, kula makombo. Nilicheka peke yangu mpaka dereva akapunguza mwendo kunitazama.

Sasa nilikuwa getini. Nikafungua, nikasimama katikati, mbwa upande wa ndani, sufuria ya ugali na nyama niliyoitoa jikoni miguuni pangu.

"Damas!"

Mbwa alinusa vumbi.

"Damas!"

Akajikuna sikio kwa mguu.

"Damas!"

Akainua kichwa. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akatikisa mkia.

Niligeuka. Barabara ilikuwa tupu.

Nikamlisha tonge kwa tonge. Mikono ilikuwa na kazi, geti likabaki wazi dakika tano au zaidi. Ndipo harufu ikapita. Matope... maji yaliyolala... kambale. Ipagala, Julai, tena wiki ambayo mgao wa maji ulikuwa haujatufikia. Nikajiambia ni mbwa huyu anayenuka. Nikafunga geti.

Emiliana aliporudi alisimama akamtazama mbwa kwa muda.

"Mzuri. Anaitwa nani?"

"Damas."

Nilingoja alie, au anitukane. Nakiri nililitamani hilo. Alinitazama, kisha akachuchumaa na kulitamka jina lile kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia mimi. Mbwa akaja akaweka kichwa chake chote mapajani mwake.

"Asante, Yotham," akasema.

Usiku ule sikupata usingizi kwa hasira.

Wiki iliyofuata nilijua kwamba nimenunua mbwa wa mtu mwingine. Nikimwambia atoke nje, ananitazama kama mgeni aliyekaa sana. Emiliana akimnong'oneza, anatii. Alilala kwenye mlango wa chumba chetu, na mimi nikitaka kuingia lazima nimruke. Hakumbwekea hata fundi umeme. Na kila siku, saa kumi na mbili na nusu, aliinuka alipokuwa, akaenda kukaa mbele ya geti.

Siku ya nane nikasikia anachokingoja.

Ti... ti-ti.

Chuma juu ya chuma, taratibu. Emiliana alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akajipangusa mikono, akaenda kufungua. Hapakuwa na mtu. Lakini hakufunga mara moja. Alilishikilia geti, akajisogeza pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu. Kisha akafunga. Mbwa akarudi barazani akitembea polepole, mkia unapiga huku na huku, kichwa kimeinuliwa kama kinapapaswa.

"Nani aligonga?" nikauliza.

"Upepo."

"Upepo unagonga hivyo?"

Akaokota ungo wake. "Damas alikuwa anagonga kwa pete," akasema, na akaendelea kupepeta.

Akaanza kupika kambale, mimi ambaye kambale simli. Akaanza kuandaa sahani tatu. Nikiuliza ya tatu ni ya nani, anasema ya mbwa. Mbwa alikuwa analishwa nje. Asubuhi sahani ile ilikuwa tupu, na pembeni miiba ya samaki imepangwa vizuri, mmoja mmoja. Mbwa hapangi miiba.

Nilimchukia marehemu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Jioni moja nikaenda stoo kulichukua lile koti nikalichome. Nikalishika.

Lilikuwa linadondosha maji.

Mvua ya mwisho Dodoma ilikuwa imenyesha Aprili.

Nikampigia simu mzee Nathanaeli. Nikamweleza yote, na jina.

"Ulipomwita, geti lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa wazi, mzee."

"Na ukamlisha."

"Nikamlisha."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Mwanangu, mimi nafundisha mbwa. Hayo mengine kamuulize mchungaji."

Sikwenda kwa mchungaji. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwita mwanamume mwenzangu mbwa, naye akaitika? Nikaenda kazini kama kawaida, siku mbili upande wa Hombolo, na siku zote mbili nilikuwa naiona nyumba yangu kichwani, mlango kwa mlango. Siku ya pili nikaacha vifaa porini, nikachukua bodaboda, nikafika jua linazama.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikagonga kwa kiganja.

Mbwa akanguruma.

Sikuwa nimewahi kumsikia akinguruma. Sauti ilitoka chini, niliisikia kwenye nyayo. Kwa ule upenyo mdogo wa geti niliona jicho lake, na meno.

"Damas, ni mimi," nikanong'ona. "Mjinga wewe. Ni mimi."

Akanguruma zaidi. Nyuma yake nilimsikia Emiliana akicheka, kile kicheko chake kizuri, na maji yakidondoka juu ya sakafu. Tone... tone... Nikapiga geti kwa ngumi. Kicheko kikakoma. Nyayo zilizolowa zikaja kwenye zege, zikasimama upande wa pili wa chuma, karibu nami kiasi kwamba harufu ya matope ilinijaa kooni.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nzito, kama ya mtu aliyetoka kulala.

"Yotham," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imenywea. "Mwenye nyumba."

Kisha nikamsikia akigeuka, akamuuliza mke wangu kwa upole.

"Emi, Yotham ndiye nani?"

Sikungoja jibu. Nilikimbia mpaka barabara ya lami.

Hiyo ilikuwa Julai. Sasa ni Septemba. Nimepanga chumba Nkuhungu, upande mwingine kabisa wa mji, kwa mzee Khamisi, mtu wa Kondoa asiyeuliza maswali. Emiliana sijamwona tangu hapo, wala hajanitafuta. Nilijisemea, basi, nimeshindwa, akae naye. Uongo. Kila jioni nilikuwa nawaza sahani zile tatu, nikiuliza kama ya kwangu bado inawekwa.

Siku tatu zilizopita Restuta, jirani yetu wa Ipagala, alinipigia.

"Shemeji, habari za siku? Mwenzio kapata mbwa mwingine."

"Mkubwa?"

"Wala. Koko tu, kamembamba, kamekonda, mbavu unazihesabu. Kalikuwa kanazurura hapa mtaani." Akashusha sauti. "Shemeji, nikikwambia usikasirike. Kanaitwa Yotham."

Nilikasirika. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikakata simu, nikakaa kitandani. Jua lilikuwa linazama dirishani. Ndipo nikaisikia.

"Yotham!"

Kwa mbali. Sauti ya Emiliana. Kutoka Ipagala mpaka Nkuhungu hata spika ya mkutano haifiki.

"Yotham!"

Nilisimama. Sikuamua kusimama.

Mara ya tatu ilipoita nilikuwa tayari uani, bila viatu.

Siku ya kwanza niliweza kurudi nikiwa njiani, baada ya gari kunipigia honi. Siku ya pili nilizinduka mjini, karibu na stesheni, watu wananishangaa. Jana sikuzinduka njiani. Nilizinduka nimeshafika, nimepiga magoti kwenye vumbi, geti la nyumba niliyoipaua liko wazi mbele yangu. Lile dume kubwa rangi ya udongo lilikuwa limekaa pembeni. Halikunguruma. Lilinivumilia.

Barazani, kwenye kiti changu, palikuwa na koti la mvua. Kulikuwa na mtu ndani yake. Sikuthubutu kutazama juu ya kola.

Emiliana alikuja na sufuria. Usoni hakuwa na chuki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaninyooshea mkononi. Nilitaka kusema, mke wangu, nisamehe, nilikuwa na wivu. Nilifungua kinywa kusema hivyo.

Nikala.

Alinipapasa kichwa, mara moja, kisha akanisukuma nje kidogo, akafunga geti. Nilirudi Nkuhungu kwa miguu. Asubuhi nyayo zangu zilikuwa na malengelenge, na vidole vinanuka kambale.

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika kumi. Nimemwomba mzee Khamisi anifungie kwa kufuli kutoka nje, amefanya hivyo bila kuniuliza kitu. Ufunguo ameutundika kwenye msumari pale nje ukutani, kati ya dirisha na mlango, akaenda msikitini kuswali magharibi. Hakujua. Mkono wangu ukipita kwenye nondo za dirisha unaufikia msumari ule, na kufuli pia, nimeshapima.

Kuna wali mezani, nimeupika mwenyewe saa nane. Umepoa. Njaa ninayo, tena kali, lakini wali sina hamu nao.