Unyayo Jikoni kwa Zena

"Jiwe ni jiwe, Mama Ismaily!" Bashiru alimwambia mkewe, Zena.

"Jiwe gani lina vidole vitano? Weye hukuviona?"

Zena alikuwa amechuchumaa jikoni, jiwe bapa la kijivu mapajani. Jana mumewe alirudi kutoka safari ya kaskazini na mawe matatu ya mafiga. Zena alipiga vigelegele. Kijiji chao cha Mbwera ni tope na mchanga, jiwe halipatikani. Anayekwenda bara akarudi bila jiwe huchekwa. Na yale mafiga yake ya udongo yalikuwa yamemchosha kwa kupasuka.

Lakini asubuhi hii, kabla ya kuwasha moto, aligeuza jiwe moja ili likae sawa. Akaona unyayo. Mdogo, wa mtoto.

Habiba, jirani yao, aliingia bila hodi. Ndiye katibu wa kikundi cha Bashiru cha kulinda mikoko, na alikuwa kwenye safari hiyo hiyo. Kikundi kizima kilialikwa kutembelea hifadhi yenye mlima wa moto.

"Sauti zenu zinafika kisimani," alisema. Kisha akaliona jiwe. "Shemeji! Umelitoa wapi hili?"

"Pembeni," Bashiru akajibu. "Lilikuwa limeshabanduka."

"Ni kitu gani, shoga?" Zena akauliza.

Habiba akaketi. "Kule ni nyanda za juu, pakavu. Miti ni miiba mitupu, mvua haba. Zamani sana mlima ulitema majivu. Mvua ikayalowesha, yakawa tope kama la shamba lako la mpunga. Watu wakapita na watoto wao. Jua likalikausha tope, likawa jiwe. Watu wale hawakuacha maandishi. Nyayo ndizo habari zao. Wataalamu huzipima, wakajua nani alikuwa mrefu, nani alikimbia. Ukiondoa mmoja, habari imekatika."

"Na haya mawili meusi, yenye matundu kama mkate wa kumimina?"

"Nayo yametoka mlimani. Mijusi hujificha chini yake, wasiungue na jua. Mlinzi wa hifadhi alisema tupige picha, tusibebe kitu. Shemeji akaitikia, 'Naam, naam!'"

"Lakini ni moja tu lenye unyayo," Bashiru akanung'unika.

Zena akasimama. Damu ilimchemka.

"Moja tu? Uliwakamata vijana wakikata boriti. Walisemaje? 'Mkoko mmoja tu, mzee.' Ukawafokea mpaka sauti ikakukauka. Leo maneno yao yamo kinywani mwako! Huoni haya?"

Zena akamgeukia jirani yao.

"Tufanyeje, Habiba?"

"Msilisugue, msiliweke motoni. Tumpigie mhifadhi wa kule. Namba yake ninayo."

Simu ilipoita, Zena akamkabidhi mumewe. "Sema mwenyewe."

Bashiru akasema yote. Mhifadhi alimuuliza aliliokota wapi hasa. Kisha akamwagiza alifunge kwa nguo kavu na kupeleka mawe yote ofisi ya maliasili, Kibiti. Yatafuatwa hapo.

"Nitakwenda kesho," Bashiru akasema.

"Kesho? Maji yamejaa sasa, na boti ya Nyamisati haijaondoka. Ukishuka huko, panda gari la Kibiti."

Zena akalifunga jiwe la unyayo kwa kanga yake ya sikukuu. Meusi akayatia kwenye kiroba. Akamtwika mumewe, akamsindikiza mpaka njiani.

"Na chakula, Mama Ismaily?"

"Utakikuta. Nenda!"

Alipoisikia boti ikinguruma, Zena aliyarudisha mafiga ya udongo. Sufuria ikakaa upande. Akaisukuma kidogo, akawasha moto.