Tairi Ngumu za Baba Erica

Kila asubuhi Clementina alichota ndoo mbili za maji ya uji na ya kumwogeshea mtoto. Mumewe, Edson, alichota ndoo sita za kuoshea gari. Clementina aliona, akanuna, akaenda zake kazini.

Lilikuwa gari la mbio. Jekundu, la chini, lenye ngurumo ya kutetemesha vikombe kabatini. Mzungu mmoja wa shirika la misaada alilileta Kigoma kwa treni, alipokuja kuhudumia wakimbizi wa Burundi. Mkataba wake ulipokwisha, akamwuzia Edson, fundi wa idara ya maji aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa. Huo ulikuwa mwaka 2007. Walikaa Rusimbi, na Clementina alikuwa muuguzi wa zahanati huko Ujiji. Binti yao, Erica, alikuwa darasa la pili.

Siku moja Edson alizitazama tairi za gari. Zilikuwa kipara kabisa. Jumamosi akaenda na mkewe dukani kwa Pastory, muuza tairi wa barabara ya Ujiji.

Fundi wa pale alikuwa Nyabenda, mtu mzima aliyekimbia vita Burundi. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini na mkewe Armelle na watoto wao. Zamani, Bujumbura, alikuwa akifunga tairi za magari ya mashindano. Rusimbi hakuna aliyewahi kumwuliza habari hiyo.

"Shikamoo, Mzee Nyabenda," Clementina alisalimia.

"Marahaba, mama Erica."

Edson hakusalimu. "Nataka tairi imara," alimwambia Pastory. "Huku ni mawe matupu. Sitaki pancha."

Pastory alimwonyesha tairi nne zilizokaa nje juani. "Hizi za pikapu. Rimu yako ni kumi na sita, na hizi ni kumi na sita. Msumari wenyewe utaziogopa."

Nyabenda aliinama. Aliukandamiza mpira kwa ukucha. Ukucha haukuacha hata alama. Akatikisa kichwa.

"Hizi ngumu, bosi," alisema. "Ngumu sana."

"Ndizo ninazotaka!" Edson alicheka. "Funga."

"Oya, bosi, mimi nasema ni ngumu..."

"Umeshasema," Pastory alimkata. "Wewe funga, mteja ana haraka."

Nyabenda akafunga. Pastory mwenyewe akazijaza upepo mpaka zikalia kama ngoma. Clementina aliuona uso wa yule mzee. Haukuwa uso wa mtu anayesifia bidhaa. Alitaka kuuliza, lakini alikuwa amechelewa zamu.

Siku ya tisa mvua ilinyesha. Edson alikuwa anawarudisha Clementina na Erica nyumbani kutoka Ujiji. Alikuwa haendi mbio, hilo tuseme ukweli. Mbele yao mwanamke mmoja, Veneranda, alikuwa anavuka na beseni la dagaa kichwani. Edson alikanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni sakafuni, likampita Veneranda kwa kiasi cha kiganja, likaingia mtaroni na kugonga nguzo.

Erica alipiga kelele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika. Clementina aliufunga kwa kanga na kipande cha ubao.

Edson alitoka garini. Neno lake la kwanza halikuwa jina la mtoto.

"Yule Mrundi ametaka kuniua!" alipiga kelele.

Watu walijaa. Hakuna aliyeuliza swali. Veneranda alikuwa bado anaokota dagaa zake, lakini mtaa mzima ulikwisha kutoa hukumu. Wakimbizi hawa, walisema. Tumewapa hifadhi, wanatulegezea nati. Watu waliokuwa wakizibiwa pancha na Nyabenda kila wiki walisema hivyo bila haya.

Kesho yake jioni Edson alikula ugali kwa raha.

"Nimelimaliza," alisema. "Nimemwambia mtendaji wa kata kwamba fundi alilegeza nati kwa makusudi. Pastory ni shahidi wangu. Yule Mrundi amenyang'anywa kibali. Ijumaa anapandishwa lori, yeye na familia yake, kwenda kambini."

Clementina aliweka mwiko chini. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawa moto.

"Ulizikagua hizo nati?"

"Za nini?"

"Nimekuuliza, ulizikagua?"

"Mama Erica, unamtetea nani? Mtoto wako yuko na plasta!"

"Ndiyo maana nauliza! Mtoto wangu amevunjika mkono, na wewe umeridhika kwa sababu umepata wa kumsingizia. Kama kosa si lake, kesho utatupandisha tena kwenye gari hilo hilo na tairi hizo hizo. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa mtendaji. Usipokwenda, nitakwenda peke yangu, na nitasema nilichokisikia kwa masikio yangu."

Edson alisukuma sahani, akainuka. Usiku ule alilala sebuleni.

Asubuhi walimkuta Nyabenda kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji. Gari nalo lilikuwa limevutwa hadi uwanjani pale. Mtendaji, Bwana Leodgar, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa amemwita Pastory pia.

"Mzee, unashtakiwa kulegeza nati," Leodgar alisema. "Unasemaje?"

"Sisemi, mheshimiwa. Nipeni spana."

Alipewa. Akaenda kwenye gari, akampa Leodgar ile spana. "Jaribu wewe mwenyewe. Magurudumu yote manne."

Leodgar alivua koti, akazungusha hadi jasho likamtoka. Hakuna nati hata moja iliyolegea. Edson akatazama pembeni.

"Sasa tazameni hapa ubavuni," Nyabenda alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa na hasira iliyokaa siku nyingi. "Tairi inasema yenyewe. Mtu asome tu. Namba nne hizi, moja, moja, sifuri, sifuri. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Wiki ya kumi na moja, mwaka elfu mbili. Miaka saba, na imekaa juani. Mpira umekufa. Oneni nyufa hizi ndogo."

"Lakini rimu ni ile ile," Pastory alisema.

"Rimu siyo yote! Kijitabu cha gari hili kinataka 205, 55, 16. 205 ni upana wa tairi. 55 ni kimo cha ubavu, asilimia hamsini na tano ya upana. 16 ndiyo rimu. Halafu namba ya uzito, 91. Mwisho herufi ya mwendo, W. Hii yako ina N. Imetengenezwa kubeba magunia, polepole. Gari la mbio linataka mpira laini unaoshika barabara, na mifereji yenye kina ya kutoa maji chini ya tairi."

"Mimi siendi mbio hapa Kigoma," Edson alisema.

"Hata ukienda polepole, siku moja utafunga breki ghafla. Breki zinasimamisha gurudumu. Tairi ndiyo inasimamisha gari. Na upepo? Pastory alijaza hamsini. Kwenye nguzo ya mlango wa gari lako kuna karatasi imebandikwa. Mbele thelathini na mbili, nyuma thelathini. Ukizidisha, tairi inavimba, inagusa chini katikati tu. Ukipunguza, inapata moto na kupasuka. Unapima asubuhi, tairi zikiwa baridi."

Edson alifungua mlango. Karatasi ilikuwepo. Alikuwa akiiosha kila siku.

"Kama ulijua yote haya, mbona hukuniambia?" aliuliza kwa ukali.

"Nilikuambia. Nilisema oya, kwetu ni hapana. Nilisema ni ngumu."

"Ngumu maana yake imara!"

"Ngumu maana yake ngumu!" Nyabenda naye alipandisha sauti. "Mpira umekauka kama jiwe! Mimi nakukataza, wewe unacheka!"

"Nilikuwepo," Clementina alisema. "Alisema mara tatu. Pastory akamfunga mdomo. Edson, ulisikia sifa kwa sababu ulitaka kusikia sifa. Angekuwa mtu wa kwenu Iringa, ungemwuliza ana maana gani."

Pastory alianza kusema kitu kuhusu mvua. Leodgar alimwinulia kiganja. Kisha mtendaji akatoa kibali kwenye faili na kumrudishia Nyabenda kwa mikono miwili.

"Bwana Edson," alisema, "ulimtuhumu barabarani mbele za watu. Utakiri kosa lako barabarani mbele za watu. Na wewe Pastory, tairi zote za aina hiyo zitoke dukani kwako leo."

Jioni, mbele ya duka, Edson alisema amekosea. Alisema haraka, akiangalia viatu vyake.

"Kwa sauti," Clementina alisema.

Akarudia kwa sauti.

Tairi zenye namba zile ziliagizwa Dar es Salaam, zikaja kwa treni baada ya wiki tatu. Wiki zote hizo Edson alitembea kwa miguu, na gari lilinyooshwa bodi. Siku ya kuzifunga, Nyabenda alimwita asimame karibu aone. Zote nne zilikuwa za aina moja, kwa sababu injini ya gari lile inazungusha magurudumu yote. Ubavuni palikuwa na mshale, na Nyabenda alihakikisha kila mshale unaelekea mbele. Alibandika vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye rimu kusawazisha uzito, mpaka kila gurudumu likazunguka bila kuyumba. Nati alizikaza kwa kukatiza, moja huku, nyingine upande wa pili, siyo kwa kuzungusha duara.

"Tairi mpya zinateleza kidogo mwanzoni," alionya. "Nenda taratibu. Ukifikisha kilomita hamsini, rudi tukaze nati tena."

Wiki ile mvua ilinyesha tena. Mbuzi watano waliruka barabarani mbele ya gari. Clementina alifumba macho na kumkumbatia Erica. Edson alikanyaga breki. Gari likasimama, limenyooka, na mbuzi wakavuka bila haraka. Erica alicheka. Clementina alilia, kwa hasira ya kujua kwamba ingeweza kuwa hivyo tangu mwanzo.

Edson aliendesha moja kwa moja hadi kwa Nyabenda. Akashuka mbio, akamshika mkono. "Ndugu yangu! Umetuokoa. Wewe ni ndugu yangu kabisa!"

Nyabenda aliutoa mkono wake taratibu.

"Undugu tutauona, Edson," alisema. Hakumwita bosi. "Ulitaka kuwatupa watoto wangu kwenye lori. Hilo halikazwi kwa siku moja." Akamnyooshea spana. "Kilomita hamsini zimefika?"

"Zimefika."

"Chuchumaa, basi. Anza na gurudumu la upande wa mtoto."

Edson, na shati lake la kazini, akachuchumaa kwenye matope, akakaza. Nyabenda alisimama juu yake, akihesabu nati.