Chaneli ya Saba na Dishi la Fundi Geti

Saa sita na nusu mchana nyundo ilinyamaza. Kila siku ilinyamaza wakati huohuo, na majirani walijua maana yake: Fundi Geti anakwenda kula.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka mlangoni. Hapo alichomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Kazi zake hazikuwa na urembo mwingi, lakini hazikuwahi kung'oka. Mteja akilalamika kwamba geti ni zito, alimjibu kwamba hata mwizi ataliona zito. Kwa fundi huyu, kitu kilicholegea kilikuwa na dawa moja tu, nayo ni moto.

Ndani, mkewe alikuwa ameacha cherehani yake na kupakua chakula. Mama yake fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Bibi alikuwa kiziwi tangu utotoni. Hakupelekwa shule, kwa hiyo hakujua kusoma; lugha ya alama alifunzwa na viziwi wenzake. Lakini kila siku saa saba kamili, chaneli ya saba ilitoa taarifa ya habari, na kwenye pembe ya kioo alisimama mkalimani wa lugha ya alama, mwanamke mwenye mikono myepesi. Bibi alimhesabu kuwa rafiki yake, ingawa hawakuwahi kuonana.

Taarifa ikiisha, Bibi aligeuza kiti na kuwasimulia wenzake habari zote kwa mikono. Alitia na chumvi yake. Kiongozi akiahidi barabara, Bibi aliichora barabara hewani, kisha akapuliza kiganja kama anayepuliza vumbi. Siku ya chanjo ya watoto ilipobadilishwa, yeye ndiye aliyejua kwanza. Akawazuia mlangoni majirani wawili waliokuwa wamekwisha kufunga watoto mgongoni, tayari kwa safari ya bure. Tangu hapo mtaa ulimwita Bibi Habari, naye jina lilimkaa vizuri. Nyumba ile ilikuwa na mchomeleaji, ilikuwa na mshonaji, na ilikuwa na mleta habari.

Jumatatu moja chaneli ya saba haikuwepo. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake maandishi meupe. Bibi alinyanyua vidole saba, akamtazama mwanawe.

Fundi Geti alisoma mstari wa juu, wenye herufi kubwa: CHANELI HII HAIPATIKANI. Chini yake kulikuwa na mistari mingine ya herufi ndogo. Hakuisoma. Chakula kilikuwa kinapoa, na yeye hakuwa mtu wa kusoma kitu hadi mwisho. Mkewe aliyapiga picha maandishi yale kwa simu ili amwulize dada yake kama na kwake ni hivyo. Mara mteja akaja kupimwa gauni, na picha ikasahaulika.

Fundi alimwambia mama yake kwa mikono kwamba ni hitilafu ndogo, kesho chaneli itarudi.

Kesho yake haikurudi. Jioni fundi alikwenda kwa wakala wa vifurushi. Kifurushi ni fungu la chaneli zinazouzwa pamoja kwa bei moja, na wao walikuwa na kile kidogo. Fundi aliomba kikubwa kuliko vyote. Alikilipia kwa fedha aliyokuwa ameitenga kununulia vyuma. Hakuuliza kama chaneli ya saba imo. Alijiambia kwamba katika chaneli tisini hiyo moja haiwezi kukosekana.

Ilikosekana. Siku ya tatu Bibi alishika rimoti, akazipita chaneli zote tisini, moja baada ya nyingine. Aliona watu wanapika, watu wanapigana ngumi, watu wanauza magodoro. Rafiki yake hakumwona. Aliweka rimoti chini, akanyanyua tena vidole saba.

"Ni dishi," fundi alimwambia mkewe. "Upepo wa juzi umelilegeza."

"Mbona chaneli nyingine zote zinaonekana?"

"Zinaonekana kwa bahati tu."

Alipanda juu ya paa, huku akivuta waya mrefu wa mashine yake. Alilitikisa dishi kwa nguvu zake zote, nalo likatikisika kidogo. Hapo roho yake ikatulia, maana mbaya wake amempata. Akalichomelea kwenye nguzo, mshono wa kuzunguka, kazi safi kabisa. Moto ulipinda mkono wa dishi na kuyeyusha waya wake. Aliposhuka, chaneli zote tisini zilikuwa zimekwenda na maji.

Alhamisi mchana Bibi hakukaa kwenye kiti chake. Aliketi karibu na mlango, televisheni akaipa mgongo. Fundi alipokuja kula, Bibi alimvuta mkono, akamwuliza polepole kwa alama, kama anavyouliza mtu aliyekwisha kujipa jibu.

"Nimekuwa mzigo? Kama fedha ni ngumu, sema. Usinifiche nyuma ya dishi."

Fundi alikataa kwa mikono miwili, haraka haraka, mpaka alama zikagongana. Bibi aliitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia mtoto mwenye sukari midomoni anayesema hakuila. Hakuamini hata kidogo. Fundi aliumia sana. Lugha ile ya mikono alifundishwa na mama huyohuyo kabla hajajua kutembea, na leo imeshindwa kumfikishia mama neno moja la kweli. Sahani yake ilirudi jikoni na nusu ya chakula.

Ni mkewe aliyekwenda kumwita Dada Waya. Huyu alikuwa fundi wa madishi na ving'amuzi, nyumba ya tatu kutoka hapo, na shoga yake wa siku nyingi. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akapanda paa moja kwa moja. Waliokuwa chini walisikia kicheko kirefu.

"Shemeji," alisema aliposhuka, "dishi hili haliibiki. Lakini pia halitaonyesha kitu tena mpaka kiama."

"Lilikuwa limelegea."

"Lilikuwa zima. Hebu niambie, siku ya kwanza kioo kiliandika nini?"

"Kwamba chaneli haipatikani."

"Halafu?"

Fundi alimgeukia mkewe. Hapo mkewe akaikumbuka ile picha. Aliitafuta kwenye simu, akayakuza maandishi, akamkabidhi mumewe asome mwenyewe. Fundi alisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Chaneli hii haipatikani katika vifurushi vyetu vyote, kwa sababu mkataba wetu na mwenye chaneli umekwisha. Mazungumzo yanaendelea."

Aliisoma mara ya pili. Safari hii sauti ilikuwa ya chini.

"Vifurushi vyote," alisema. "Hata kile kikubwa."

"Hata kile kikubwa," alijibu Dada Waya. "Sikiliza, nikupe mfano wa kazi yako. Wewe unatengeneza vitanda, unampelekea mwenye duka akuuzie. Mwaka ukiisha unataka akuongezee fungu lako. Yeye anasema hakuongezei hata senti. Unafanyaje?"

"Nachukua vitanda vyangu."

"Na mteja aliyekuja siku hiyo kununua kitanda?"

"Anakuta duka halina."

"Basi. Mwenye chaneli ndiye mtengeneza vitanda. Kampuni ya king'amuzi ndiyo duka. Wamegombana, na Bibi ndiye mteja aliyekuta duka halina. Ungechomelea dishi mara kumi, ugomvi wao usingeisha."

Aliwaeleza na mengine, huku akinywa maji aliyopewa. Kampuni huzinunua chaneli nyingi na kuziuza kwa fungu, ndiyo maana mtu anayetazama tatu hulipia tisini, pamoja na ile ya magodoro. Siku hizi watu wengi wamechoka. Wengine wameshuka kwenye vifurushi vidogo, wengine wanatazama wanachokitaka kwenye simu. Mapato ya kampuni yakipungua, ugomvi na wenye chaneli unazidi. Kwa hiyo mtu asilipe tu kwa kuwa chaneli ni nyingi. Kwanza ajue nyumba yake inatazama nini hasa, kisha amwulize wakala kama kitu hicho kimo, leo, si mwezi uliopita. Na kioo kikiandika, asome mpaka nukta ya mwisho.

Fundi aliinamisha kichwa kwa hilo la mwisho.

"Sasa mama yangu asubiri mpaka wakubwa hao wapatane?" aliuliza.

"Kwani nani kakwambia chaneli ya saba ni ya kulipia?"

Dada Waya aliisogeza televisheni na kumwonyesha tundu la antena kwa nyuma. Chaneli ya saba, alisema, hurushwa bure kutoka mnara wake. Televisheni yao ni ya aina mpya, ina kifaa cha kuipokea ndani yake. Walichokosa ni antena tu. Aliwatahadharisha kwamba si kila nyumba ina bahati hiyo. Televisheni ya zamani huhitaji king'amuzi cha antena, na mtu aliye mbali na mnara, au aliyezibwa na mlima, huenda asipate kitu. Ni vizuri fundi wa antena apime kwanza kabla mtu hajanunua. Simu nayo ingewezekana, lakini kwenye kioo cha simu mikono ya mkalimani ingekuwa kama sisimizi, na macho ya Bibi si ya juzi.

"Kwa hiyo tulikuwa tunalipia kitu kinachopita bure juu ya paa letu," alisema mkewe fundi.

"Ndiyo, shoga. Na mlikuwa wengi."

Ijumaa Fundi Geti alitengeneza nguzo ya antena kwa chuma chake mwenyewe. Dada Waya alileta antena, akapima, akaonyesha upande wa mnara. Fundi alipoinua mashine yake, mwanamke yule alimwekea bolti mbili kiganjani.

"Bolti, shemeji. Kesho tukitaka kuigeuza, igeuke. Moto uache karakanani."

Fundi alizikaza bolti kwa spana. Mikono ilimwasha kweli, lakini alijizuia.

Mkewe naye aliandikia kampuni barua, akieleza kwamba waliuziwa kifurushi kikubwa bila kuambiwa kuwa chaneli imeondolewa. Dada Waya alimwambia kwamba wasipojibu, nakala iende kwenye mamlaka inayosimamia utangazaji. Baada ya wiki tatu, nusu ya fedha ilirudi. Nusu nyingine fundi aliihesabu kuwa ada ya shule, maana aliyejipakia chaneli tisini bila kuuliza ni yeye mwenyewe.

Jumamosi ile, kesho yake baada ya kufunga antena, nyundo ilinyamaza saa sita na nusu. Bibi alikuwa bado karibu na mlango; hawakuwa wamemweleza kitu, maana neno la mwanawe hakuliamini tena. Mkwewe alimshika mkono taratibu, akamkalisha kwenye kiti chake. Bibi alikubali kwa adabu tu, bila kutazama kioo.

Saa saba kamili mkalimani alitokea penye pembe yake. Bibi aliketi wima. Mikono yake ikapanda yenyewe kumrudishia salamu, kama kila siku, kana kwamba yule wa ndani ya kioo anamwona.

Habari ya tatu ilikuwa ndiyo ileile. Mwenye chaneli na kampuni ya ving'amuzi wamekutana tena, na tena hawakuelewana. Wateja wao katika nyumba nyingi bado hawaioni chaneli. Bibi alitazama mpaka mwisho, hakupepesa jicho.

Kisha aligeuza kiti. Aligonganisha ngumi zake mbili: wakubwa wawili wanagombania fedha. Akaonyesha nyumba, nyumba, nyumba, na katikati ya zote akaweka giza. Mwanawe na mkwewe walikuwa wanaijua habari hiyo tangu Alhamisi. Lakini walimtazama kwa makini, kama watu wanaoisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kuleta habari ni kazi yake.

Alipomaliza alisogeza kiti karibu. Akanyoosha mkono, akakiweka kiganja kifuani kwa mwanawe.

"Kumbe si wewe," mikono yake ilisema.

Fundi Geti alitikisa kichwa. Machozi yalimlenga, naye hakuyaficha.

Bibi alinyoosha kidole juu, kwenye paa. Halafu akakishusha na kumgonga nacho fundi kifuani, mara mbili.

"Lakini lile dishi, ni wewe."