Mistari ya Lami

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwamini alipita ufukweni Ujiji kumpelekea baba yake chai na mihogo ya kuchemsha. Baba yake, Fundi Hamdani, aliunda na kutengeneza boti za mbao. Mwamini aliisikia nyundo yake kabla hajamwona mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Angalia usikanyage pamba."

Pamba ile ililowekwa kwenye mawese, ikashindiliwa kati ya ubao na ubao, kisha juu yake ikapakwa lami ya moto. Hivyo ndivyo Fundi Hamdani alivyoziba mishono ya boti zake. Kazi ikishaisha, alichonga nyuma ya boti samaki mdogo aina ya kuhe, mwenye mikato miwili mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Mafundi walikuwa wengi pale ufukweni, na watu walipenda kuwalinganisha, lakini aliyemwona yule kuhe hakuuliza maswali mengi. Alipanda tu.

Wiki hiyo, juu ya magogo ilikaa boti ya Mzee Pastory. Jumamosi ilikuwa ibebe wanafunzi wa shule ya Mwamini kwenda kwenye bonanza la michezo, katika kijiji cha kusini kisichofikika kwa barabara. Ilibaki kuzibwa mshono mmoja tu, wa nyuma.

"Huu ndio ninaouogopa," baba alisema huku akiupapasa. "Boti ikiwa tupu, unakaa juu ya maji, hauna habari. Watu wakijaa, unazama. Na ukiachia, utaachia katikati ya ziwa, siyo hapa."

Mwamini aliitikia kwa kichwa, lakini akili yake ilikuwa shuleni, kwenye vita ya viatu.

Ndiyo, vita. Ilianza kama mzaha, wanafunzi wa darasa la sita wakibishana nani mkali kati ya Adidas na Nike. Mwezi haukuisha, darasa likawa limegawanyika. Wapenzi wa Adidas walijiita Mistari, kiongozi wao akiwa Catherine. Wapenzi wa Nike walijiita Tiki, wakiongozwa na Ashraf, kijana mwenye maneno mengi kuliko mabao. Mistari hawakuwapa Tiki pasi, hata wakiwa timu moja. Tiki hawakuazima rula ya Mistari. Waliokuwa na raba za kawaida waliitwa Bila Jina, na hao hawakupewa pasi na yeyote. Siku moja mtoto mmoja wa Bila Jina alianguka uwanjani akachubuka goti, na hakuna aliyemwinua. Mwamini aliona, naye akaangalia pembeni. Aliogopa kuonekana naye.

Mwalimu Verediana, aliyefundisha hisabati, aliamua kuugeuza ugomvi huo kuwa somo.

"Mnapiga kelele tu, hamna takwimu," aliwaambia. "Nendeni mkahesabu. Watu wangapi wanavaa chapa gani, na kila chapa wanaionaje. Mwamini, wewe mwandiko wako ni mzuri, utahesabu ufukweni."

Kwa siku tatu Mwamini alizunguka na daftari. Mchuuzi wa samaki aina ya migebuka alimwambia Adidas ni ya wachezaji wa kweli na Nike ni ya wanaopenda kupiga picha. Dereva wa bodaboda kutoka Buzebazeba alisema kinyume chake kabisa, akaapa. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi andika kandambili," alisema. "Ina sifa gani? Haijawahi kunidanganya."

Mwamini aliyaandika yote. Tiki walikuwa kumi na tisa, Mistari ishirini, na Bila Jina walikuwa wengi kuliko makundi yote mawili pamoja. Lakini wa mwisho katika wale ishirini alikuwa yeye mwenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Catherine alikuwa amemuuliza mbele ya watu, "Na wewe unasimama wapi? Jumamosi kila mtu atapanga mstari na chapa yake. Hizo raba zako nyeupe ni za nani?"

"Nina Adidas," Mwamini alijibu bila kufikiri. "Shangazi kaniletea. Nitazivaa Jumamosi."

Hakuwa na shangazi wa kumletea raba. Alikuwa na raba zile zile nyeupe, tupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Alhamisi alasiri, baba alipokwenda kuswali, Mwamini aliinama kwenye kopo la lami. Lilikuwa limebaki robo, bado lina joto, na lote lilikuwa la mshono wa nyuma. Alichovya kijiti akachora mistari mitatu kwenye raba ya kulia. Ilitoka vizuri, myeusi na imenyooka. Lakini lami ilivutika, ikadondoka mchangani, na alipotaka kuanza raba ya kushoto, aliona kopo linakaribia kuwa tupu.

Baba angejua mara moja. Akatazama huku na huku. Kulikuwa na dumu la mawese, na chini ya sufuria ya kuchemshia kulikuwa na masizi tele. Alimimina mawese ndani ya kopo, akakwangua masizi, akakoroga. Mchanganyiko ukawa mweusi na mzito. Kwa macho, ulikuwa lami. Harufu ya mawese haikumtia shaka, kwani pale kila kitu kilinuka mawese, hata shati la baba.

Kwa mchanganyiko huo huo akachora mistari ya raba ya kushoto. Akaziweka pamoja, akazitazama. Zilifanana.

Ijumaa jioni baba alirudi nyumbani akiwa amechoka. "Nimemaliza," alisema. "Mshono umepakwa, na kuhe nimemchonga. Leo lami ilikuwa laini kidogo, sijui ni jua."

Mwamini alikuwa akila. Akaendelea kumega ugali. Alijiambia kuwa ni mshono mmoja tu, na mawese hayapatani na maji, kwa hiyo labda yatayazuia. Alijiambia mengi, lakini hakuna hata moja lililomtuliza.

Jumamosi ziwa liliamka limetulia, kupita kiasi. Maji hayakutikisika hata pale yanapogusa mchanga, na milima ya ng'ambo ilikuwa imefichwa na ukungu. Wavuvi wawili waliokuwa wakikunja nyavu walilitazama, wakatazamana, wakaendelea kukunja.

Mzee Pastory aliijaribu boti yake akiwa na baba tu. Wakazunguka mara moja karibu na ufukwe, wakarudi. Haikuingia hata tone. "Ego, ndiyo hivyo, fundi!" alisema, akimpa baba mkono. "Nikimwona kuhe wako, mimi nalala usingizi."

Wanafunzi walipanga mistari mitatu mchangani. Catherine alizikagua raba za Mwamini kwa mbali, akatabasamu. "Kumbe kweli! Njoo huku." Mwamini akasimama mahali alipopatamani mwezi mzima. Hakuhisi furaha yoyote.

Wakavalishwa jaketi okozi, wakavua viatu, wakaanza kuingia majini kuifuata boti, viatu wameviinua juu. Alipopanda mmoja, boti ilishuka kidogo. Akapanda mwingine, ikashuka tena. Ashraf, akiwa ameshakaa, aliwarushia maji Mistari kwa mikono yote miwili, wakapiga kelele. Mwamini alijikinga, na raba ya kushoto ikamponyoka.

Aliiokota haraka, akaipangusa. Mistari ikaja na kiganja chake. Yote mitatu. Kwenye maji pale ilipoanguka, utando mwekundu wa mawese ulikuwa ukitandaa taratibu, na katikati yake vipande vyeusi vya masizi vikielea. Akaigeuza raba ya kulia. Hiyo ilikuwa imelowa vile vile, lakini mistari yake haikutikisika.

Akainua macho kuutazama mshono wa nyuma.

Boti ilikuwa imebeba watu ishirini na zaidi. Maji yalikuwa yameufikia ule mshono, yanaulamba. Chini ya samaki wa baba yake ulitoka uzi mwembamba, mwekundu, ukafuata mkondo, ukakatika, ukatoka mwingine.

Mwamini aliganda. Ufukweni, baba yake alikuwa amesimama na wenye boti wengine, wanamsifu. Ndani ya boti, Catherine alikuwa anamnyooshea mkono ampandishe. Mzee Pastory alishika kamba ya injini. Kama angesema, wote hao wangejua. Kama asingesema, uzi ule ungeendelea kutoka mpaka katikati ya ziwa, mahali ambapo baba alimwonyesha kwa kidole tangu akiwa mdogo na kumwambia hakuna aliyewahi kufika chini yake.

Injini iliunguruma.

"Zima!" Mwamini alipiga kelele. "Baba! Washushe! Mshono wa nyuma siyo lami! Siyo lami, baba, ni mawese na masizi, nimechanganya mimi! Lami nimechorea viatu!"

Kwanza Ashraf alicheka. Kisha akaona uso wa Fundi Hamdani, akanyamaza.

Baba aliingia majini na nguo zake. Alifika nyuma ya boti akabonyeza mshono kwa kidole gumba, na kidole kikazama chote. Alipokichomoa kilikuwa cheusi na chekundu, na maji yakafuata tundu lile kwa sauti ya kububujika ambayo kila mmoja aliisikia.

"Washuke," alisema. "Polepole. Mmoja mmoja."

Walishuka. Mistari wakashika mikono ya Tiki, Tiki wakashika ya Bila Jina, hakuna aliyekumbuka nani ni nani. Mwalimu Verediana aliwahesabu mchangani mara mbili, halafu mara ya tatu. Haikupita saa nzima, upepo ukashuka kutoka kusini. Ziwa lililokuwa limetulia likageuka jeusi, likaanza kuvimba, na mawimbi yakapasuka kwenye rasi ambayo boti ingekuwa inaipita wakati huo. Wanafunzi waliyatazama.

Mwamini alikaa mchangani akilia, akingoja kuchapwa. Baba yake alipita karibu naye, akachukua randa, akaiendea boti iliyokwisha kuvutwa juu. Akaanza kumparua kuhe. Vipande vya mbao vikaanguka, kichwa, mgongo, mkia, mpaka ubao ukabaki mtupu.

"Fundi, usifanye hivyo," Mzee Pastory alimsihi. "Ni utoto."

"Mzee, alama hii leo imesema uongo," baba alijibu. "Ilikwambia boti ni nzima, nawe ukaiamini. Na mimi nimekosa. Niliona lami ni laini nikasema ni jua, sikubonyeza. Nililiamini jina langu badala ya kidole changu."

Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Sikuchapi. Umeniaibisha, na nimeumia, sikufichi. Lakini umesema watoto wakiwa bado hapa, na hilo nitalikumbuka pia. Nisikilize. Jina la viatu likiwa la uongo, watu watakucheka, basi. Lakini ukizoea kufanya kitu kionekane tu, mkono wako hautachagua. Leo utapaka kiatu, kesho utapaka mshono. Umeona haikuchukua hata siku moja."

Mwalimu Verediana, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alifungua daftari la takwimu, akampa Mwamini kalamu. Mwamini alifuta mstari mmoja kwenye safu ya Adidas, wakawa kumi na tisa kwa kumi na tisa. Akauandika mstari huo kwenye safu ya wale waliokuwa wengi zaidi.

Mwalimu akawageukia wanafunzi wake. "Hizo chapa mbili zinapendwa duniani kote, na kupenda chapa siyo kosa," alisema. "Kosa ni kumpima mtu kwa kiatu mpaka mwenzenu akaogopa kuonekana na miguu yake mwenyewe. Hilo tumelifanya wote, na mimi nililiona nikaligeuza hesabu. Tumwombe radhi."

Catherine ndiye aliyekuja wa kwanza, akakaa mchangani kando ya Mwamini. Ashraf naye akaja, safari hii bila maneno.

Jumapili, kisha Jumatatu baada ya shule, Mwamini alikuwa ufukweni. Aliukwangua mshono wote mpaka pamba, akashikilia kopo baba alipopaka lami mpya, na ilipopoa akaubonyeza kwa kidole gumba, inchi kwa inchi, mwanzo hadi mwisho. Wakaisukuma boti majini, wakaijaza viroba vya mchanga mpaka mshono ukazama, wakaiacha hivyo kutwa nzima ya Jumanne.

Jioni baba aliingiza mkono chini ya mbao za sakafu, akautoa mkavu. Mwamini akamletea patasi.

"Sasa ndiyo tunachonga," baba alisema. "Alama ni ya mwisho, mwanangu. Kazi ikishasema kweli."

Mwamini alishika tochi ya simu huku kuhe akizaliwa upya kwenye ubao. Miguuni alikuwa na raba zake, ya kushoto nyeupe tupu, ya kulia ina mistari mitatu ya lami ambayo haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Hakutafuta tena cha kuitolea.