Jembe la Babu Masele

Justa alikuwa uani kwake Mkuyuni, akichambua dagaa. Binti yake Odeta alikaa pembeni akiandika. Jumapili ukoo ungekutana kumkumbuka Babu Masele, baba yake Justa, aliyefariki mwaka jana. Odeta alikuwa ameandika hadithi ya babu yake aisome siku hiyo. Bibi, mjane wa Masele, aliyeketi nao pale uani, alikuwa haoni tena. Hamu yake ilikuwa moja tu: amsikie tena mumewe katika hadithi hiyo.

Odeta akamsomea kwanza yeye: "Babu alienda Bujora. Alicheza ngoma. Watu walifurahi. Babu alirudi nyumbani."

Bibi akamgeukia. "Asante, mjukuu wangu. Lakini huyo ni babu wa nani? Mimi simjui."

Odeta akaangua kilio. Justa roho ilimuuma, ila kosa hakuliona. Yote aliyoandika mtoto yalikuwa kweli. Akamwita jirani yao Sihaba, anayesomea ualimu Butimba.

"Shikamoo, bibi," Sihaba alisalimu.

"Marahaba, mwanangu."

Sihaba akaisoma ile karatasi. "Maneno haya yanamfaa babu yeyote," alisema. "Mama Odeta, mzee alitembeaje?"

"Alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto."

"Basi Odeta, usiandike alienda. Andika alichechemea. Na ngoma alichezaje? Mama, tuonyeshe."

Mzee alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe. Justa aliona aibu, lakini akachukua jembe, akalirusha juu kama baba yake. Likamponyoka. Kuku wote mbio. Odeta akacheka, machozi bado mashavuni.

"Umeona nini?" Sihaba akamuuliza.

"Mama karusha jembe. Likazunguka. Likamponyoka. Kuku wakatimka."

"Umeona? Kila kitendo kina neno lake. Chagua lile litakalomfanya bibi aone."

Jumapili Odeta alisimama mbele ya ndugu, Sihaba naye akiwepo. "Babu alichechemea mpaka uwanjani. Ngoma zikanguruma. Akarusha jembe, likazunguka hewani, akalidaka kwa mkono mmoja. Akina mama wakapiga vigelegele."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huyo ndiye. Asante, Odeta. Na wewe mwalimu, Mungu akubariki. Mmenirudishia Masele wangu."

Justa alimgeukia Sihaba kumshukuru. Akamshika tu mkono.

"Ila hakulidaka siku zote," Bibi akaongeza. "Siku aliyoniona mara ya kwanza lilimponyoka, likatua mbele ya miguu yangu. Andika na hilo."

Odeta akachukua kalamu.